Mali Bila Daftari: Kikoi, Merikani na Haki ya Jina la Mahali



Sisi tunaoishi Acocks Green hulitaja jina la mtaa huu kila siku. Tunalitaja tukipanda basi namba 11, tukienda stesheni, tukiandika anwani kwenye bahasha za barua za nyumbani. Ni wachache kati yetu waliowahi kuuliza limetoka wapi. Ni jina la watu. Ukoo wa Acock ulikuwa na makazi hapa zamani, wakati eneo hili lilikuwa mashamba ya Worcestershire. Birmingham ilikuja kulichukua mwaka 1911. Ukoo umepita, mashamba yamepita, jina limebaki, na hakuna aliyelidai.

Tumeanza na hilo kwa sababu makala hii ni ya majina, na hasa majina ya mahali yanayokaa juu ya kazi za mikono ya watu. Nani mwenye haki nayo? Iliyotusukuma kuandika si elimu bali ni aibu ndogo iliyotupata wenyewe.

Lebo zilizokatwa

Jumamosi moja tulitandaza meza mbili katika ukumbi tunaokodi hapa mtaani. Juu yake tuliweka kanga, vikoi na vikapu, ili fedha ziende kwenye darasa la Kiswahili la watoto wetu. Jirani mmoja, mama wa Kiingereza wa makamo, alichukua kikoi cha buluu na njano, akakigeuza, akatafuta lebo, asiione. Akachukua kanga. Lebo hakuna. Akatuuliza kwa upole: vimetengenezwa wapi?

Tulitazamana. Usiku uliotangulia, wakati wa kupanga bidhaa, tulikuwa tumezikata lebo kwa mkasi. Baadhi zilisema India, moja ilisema China, nyingine Kenya. Tuliona zitawachanganya wateja, bora vyote viwe "vya Afrika" basi. Mama mmoja wa Mombasa, ambaye hakuwepo usiku ule, alitusemesha kwa Kiswahili: "Mwambieni kweli, wanangu, msituaibishe." Tukamwambia. Yule jirani akanunua kikoi, kilichotoka Kenya kweli, na kanga akairudisha mezani taratibu.

Hakuna aliyetushitaki na hakuna aliyetutukana. Lakini tulipokuwa tukikunja meza, swali lilibaki hewani. Tunalalamika kila mara kwamba wageni wanachukua majina yetu na kuyatia kwenye bidhaa zao. Je, sisi tulifanya nini na ule mkasi?

Mji uliochora jina la mji mwingine

Tulipotafakari tuligundua kwamba hatukuwa wa kwanza katika jiji hili. Birmingham ilikuwa na sifa mbaya ya kughushi kwa miaka mingi. Katika karne ya 17 sarafu bandia zilihusishwa sana na mji huu, hata jina lake kwa matamshi ya wenyeji, Brummagem, likawa katika Kiingereza neno la kuitia kitu chochote cha bei rahisi kinachong'aa nje na ndani si kitu. Mafundi wa bunduki wa hapa nao walikuwa hodari kweli. Hata hivyo, wengine walichora neno London kwenye kazi zao, kwa kuwa mnunuzi aliiamini London kuliko Birmingham. Bunduki ilikuwa nzuri, ila jina lilikuwa la kuazima.

Watu wa Birmingham waliliona tatizo hilo. Dawa waliyoitafuta haikuwa kelele bali chapa. Matthew Boulton, mwenye kiwanda kikubwa cha Soho, alichoka kupeleka vyombo vyake vya fedha hadi Chester ili vipimwe na kupigwa mhuri. Yeye na wenzake waliliendea Bunge. Mwaka 1773 ikapitishwa sheria ya kuanzisha ofisi za kupima fedha Birmingham na Sheffield. Birmingham ikapewa alama ya nanga, ingawa bahari haipo karibu, na Sheffield ikapewa taji. Tangu hapo kijiko chenye nanga kilijieleza chenyewe: nimepimwa Birmingham, na kiasi cha fedha ndani yangu ni hiki. Kwa bunduki ikaja ofisi ya kupima mitutu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1813, nayo ikawa na mihuri yake.

Alama za jiji hili zilifika hadi mifukoni mwa babu zetu. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani yetu ilitoa sarafu zenye jina la Mombasa mwaka 1888, na baadhi yake zina kijiherufi H. Herufi hiyo ni ya kiwanda cha Heaton, hapa Birmingham. Baadaye, senti za Afrika Mashariki, zile zenye tundu katikati ambazo wazee wetu walizitunga kwenye uzi, nyingi zilikuwa na H au KN, yaani Kings Norton, mtaa wa jiji hili hili. Mtu wa Tabora au Kisumu alinunua chumvi kwa kipande cha shaba chenye herufi ya Birmingham bila kujua. Waliojua walikuwa wenye kiwanda, na hilo liliwatosha. Kazi yao ilikuwa na daftari.

Merikani

Pwani yetu nayo ilikuwa na bidhaa zilizojulikana kwa majina ya miji yake. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza kwamba vitambaa vilivyofumwa pale viliitwa kwa jina la mji na vilisafirishwa hadi Misri. Mfanyabiashara wa Kairo aliyetaka kitambaa cha Mogadishu alijua anachokitaka, na jina la mji lilikuwa dhamana ya kutosha. Hapakuwa na ofisi wala msajili. Palikuwa na masikio ya watu na macho ya wanunuzi.

Dhamana ya namna hiyo huishi muda wote ambao mji unafuma na watu wanakumbuka. Kisa cha kitambaa kingine, ambacho hakikuwa chetu lakini tulikipa jina sisi, kinaonyesha inavyoweza kufa.

Meli za Salem, Massachusetts, zilianza kuja Zanzibar katika miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, alianza kazi Unguja. Meli hizo zilichukua pembe za ndovu, sandarusi na karafuu, zikaleta pamba nyeupe isiyopaushwa, nzito na imara. Salem yenyewe ilikuwa na kiwanda kikubwa, Naumkeag, kilichoanza kufuma mwaka 1847. Watu wa pwani na wa bara waliipenda pamba ile, wakaiita merikani. Bara ilikuwa kama fedha: shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na msafara haukuvuka Ugogo bila kutoa hongo ya merikani. Stanley alipojiandaa kumtafuta Livingstone mwaka 1871, merikani ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza alivyonunua kwa wingi Zanzibar.

Wanunuzi wetu hawakuwa wajinga. Waliipima kwa vidole, waliihesabu nyuzi, na walioletewa pamba nyepesi iliyojazwa wanga waliikataa. Basi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na meli zikapungua. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kuziba pengo, na baadaye viwanda vya Bombay vikalijaza kabisa kwa bei ya chini. Kitambaa kikaja kutoka India, na jina halikubadilika. Bibi zetu waliendelea kununua merikani iliyofumwa Bombay, na baadaye iliyofumwa kwingineko. Hakuna aliyeona kwamba anadanganywa, kwa sababu hakuwa anadanganywa tena. Merikani lilikuwa limekoma kuwa jina la mahali, likawa jina la aina ya kitambaa, na kamusi zikaliandika hivyo.

Ndivyo Waingereza walivyofanya na majina ya wengine. Kaliko ni Calicut ya India, dameski ni Damasko, denimu inatajwa kuwa ya Nîmes, Ufaransa. Leo wafumaji wa Calicut hawawezi kumkataza yeyote kusema kaliko. Jina la mahali likishakuwa jina la kitu katika vinywa vya watu, sheria hairudi nyuma. Hata mkataba wa Shirika la Biashara la Dunia kuhusu haki miliki, ulioanza kutumika mwaka 1995, unasema wazi kwamba nchi hailazimiki kulinda jina ambalo kwa lugha ya watu wake limeshakuwa neno la kawaida la bidhaa.

Salem hawakulia. Pengine hawakujua. Lakini funzo ni letu: jina la mahali haliibiwi siku zote. Mara nyingi huvuja, tone kwa tone, kwa kuwa wenyewe hawakuandika popote ni kitu gani kinachostahili kuitwa hivyo.

Waliofungua daftari

Tuwatazame sasa waliolizuia jina lao lisivuje. Sheffield haiko mbali nasi, ni mwendo wa saa moja na ushei kwa treni. Mafundi wa visu wa mji ule na vitongoji vyake walipata chama chao kwa sheria ya Bunge mwaka 1624. Kila fundi alikuwa na alama yake, chama kiliiandika, na aliyeharibu kazi aliadhibiwa na wenzake. Katika karne ya 19 visu rahisi vilianza kuingia kutoka ng'ambo, hasa Ujerumani, vikiwa na jina la Sheffield. Ndipo mafundi wakapiga kelele Bungeni, na mwaka 1887 ikapitishwa sheria kwamba bidhaa za kigeni zenye majina au alama za Kiingereza ziandikwe nchi zilikotoka. Ndio mwanzo wa yale maneno "Made in Germany" tuliyoyazoea. Yalikusudiwa kuwa aibu. Wajerumani wakaboresha kazi zao, na maneno ya aibu yakawa maneno ya sifa.

Hadi leo, sheria ya alama za biashara ya Uingereza ya mwaka 1994 ina sehemu maalumu kuhusu alama za Sheffield na chama kile kile cha 1624. 

Mfano wa pili ni Harris Tweed, kitambaa cha sufu cha visiwa vya magharibi ya Scotland. Mwaka 1909 wafumaji na wafanyabiashara waliunda chama, wakasajili alama ya tufe lenye msalaba juu. Hapo ndipo kazi ngumu ilipoanza, maana ilibidi wakubaliane Harris Tweed ni nini hasa. Uzi uwe wa kusokotwa kwa mkono tu? Walibishana miaka mingi, na mwaka 1934 wakaukubali uzi wa kiwandani, mradi usokotwe visiwani na mfumaji afume nyumbani kwake. Wengine wa bara ya Scotland walitaka nao watumie jina, kesi ikaenda mahakamani Edinburgh, na mwaka 1964 visiwa vikashinda. Mwaka 1993 Bunge likapitisha sheria yenye jina la kitambaa hicho: kifumwe kwa mkono na wenyeji majumbani mwao katika visiwa vile, kwa sufu safi iliyotiwa rangi na kusokotwa huko huko. Mwenye kutaka jina atimize hayo, na asiyetimiza atafute jina jingine.

Tunaomba msomaji ashike jambo moja hapa. Sheffield na Harris hawakuanza kwa kuwakataza wageni. Walianza kwa kukatazana wenyewe.

Kikoi mbele ya msajili

Mwaka 2006 kampuni moja ya hapa Uingereza iliomba kusajili neno KIKOY kuwa alama yake ya biashara. Kama ombi lingekubaliwa, muuzaji mwingine katika nchi hii angehitaji ruhusa yake kuliuza vazi la pwani yetu kwa jina lake. Wafumaji na wauzaji wa Kenya waliokuwa wakipeleka vikoi Uingereza wangejikuta wakiomba ruhusa ya kutumia neno walilolikuta kwa babu zao.

Habari zilipofika Kenya watu wengi walikasirika, na kwa haki. Lakini hasira haijazi fomu. Sheria ya hapa inafanya hivi: ombi hutangazwa katika jarida la msajili, na anayepinga hupewa muda, ambao wakati ule ulikuwa miezi mitatu, kuwasilisha pingamizi la maandishi na ada yake. Muda ukipita kimya, alama husajiliwa, na kuifuta baadaye ni kazi nyingine yenye gharama nyingine. Waliolisogeza jambo ndani ya muda huo walikuwa Traidcraft, shirika la biashara ya haki lililokuwa na makao yake Gateshead, wakishirikiana na Wakenya wa sekta hiyo na mawakili waliojitolea. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza. Sheria ya 1994 inakataza kusajili neno linaloeleza tu aina ya bidhaa au mahali ilikotoka. Kikoi ni jina la vazi. Kuliandika kwa y badala ya i hakulibadilishi.

Mwaka 2008 kampuni ikaliacha ombi lake. Nyumbani na ughaibuni watu walishangilia kwamba kikoi kimeokolewa.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Safari hii habari ilipatikana, na mali haikupotea. Lakini tukumbuke ilivyopatikana: mtu fulani alisoma jarida la msajili kwa wakati. Laiti siku zile wenye macho wangekuwa likizo, kikoi kingeandikwa jina la mwingine kihalali kabisa.

Ushindi wa nusu

Hapa ndipo tunapotaka kusema jambo ambalo halikusemwa sana katika shangwe zile. Kilichoshinda mwaka 2008 ni hoja kwamba kikoi ni neno la kawaida, la kila mtu. Hoja hiyo ilimzuia mmoja asilimiliki, na ilikuwa sahihi. Lakini neno likiwa la kila mtu, ni la kila mtu kweli. Kiwanda cha India, cha China au cha hapa hapa Uingereza kinaweza kufuma kitambaa cha mistari chenye matamvua na kukiita kikoi, mradi kisidanganye kilikotoka. Tulilifungua lango lililokuwa linataka kufungwa na mtu mmoja. Hatukuweka mlinzi.

Kuna tofauti kati ya kuliacha jina wazi na kulilinda jina la mahali. Kikoi peke yake si jina la mahali, kama kisu si jina la mahali. Sheffield hawamiliki neno kisu. Wanacholinda ni kisu cha Sheffield. Kwa hiyo anayetaka kulindiwa kazi ya pwani hana budi kutaja pwani ipi, na kazi ipi. Kikoi cha Lamu? Cha Mombasa? Uzi utoke wapi? Kifumwe kwenye kitanda cha mfumi au kwenye mtambo? Matamvua yafungwe kwa mkono na nani? Wenyewe wakiulizwa leo, je, watajibu kwa sauti moja? Watu wa Harris walihitaji robo karne kuelewana juu ya uzi peke yake.

Vyombo vya sheria vipo. Sheria ya alama za biashara ya Kenya inaruhusu alama za pamoja, zikiwemo zile zinazotaja mahali bidhaa inakotoka, na akina mama wanaosuka vikapu vya Taita wameifuata njia hiyo ya alama ya pamoja. Zanzibar ilitunga sheria yake ya mali za viwanda mwaka 2008, na ndani yake imo sehemu ya viashiria vya kijiografia. Uganda ilipitisha sheria yake ya viashiria hivyo mwaka 2013.

Huku Ulaya pia mambo yamebadilika. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya ulilinda majina ya mahali ya jibini, mvinyo na nyama, lakini si ya vyombo, visu na vitambaa. Mwezi Oktoba 2023 ilipitishwa kanuni mpya kwa ajili ya kazi za mikono na bidhaa za viwandani, iliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2025. Maombi yanaishia katika ofisi ya haki miliki ya Umoja huo iliyopo Alicante, Hispania. Masharti yake makubwa ni matatu: bidhaa itoke mahali maalumu, sifa zake au umaarufu wake utokane hasa na mahali hapo, na angalau hatua moja ya utengenezaji ifanyike humo. Wazalishaji wa nje ya Ulaya nao wanaruhusiwa kuomba. Kwa maneno mengine, mlango huo uko wazi kwa Lamu kama ulivyo wazi kwa Solingen.

Uingereza, baada ya kutoka katika Umoja huo mwaka 2020, haimo katika mpango huo. Mpango wake yenyewe wa majina ya mahali ni wa vyakula, vinywaji na mazao ya kilimo. Kwa kitambaa, njia iliyopo hapa ni alama ya pamoja au alama ya uthibitisho kwa msajili yule yule aliyeletewa KIKOY. Ada yake si kubwa kwa chama chenye wanachama. Kinachokosekana mara nyingi ni chama chenyewe, na karatasi moja inayosema: kitu chetu ni hiki.

Na kanga je?

Msomaji wa Zanzibar atatuuliza: na kanga, je? Hapo tunapaswa kusema kweli yote. Tangu kanga ianze kuvaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, nyingi zilichapwa mbali, Uingereza, Uholanzi, India, Japani. Viwanda vyetu kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, vilikuja baadaye sana. Hata kanga mashuhuri za Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake Mombasa mwaka 1887, zilichapwa ng'ambo. Lakini pindoni ziliandikwa alama yake, K.H.E., Mali ya Abdulla, na kila mwanamke wa pwani aliitambua. Mzee yule alikuwa na daftari.

Basi kanga ni ya wapi? Mji wa kanga, pindo lake na jina lake (maana kwetu hata maneno yale ya kanga huitwa jina) vilichaguliwa Mombasa na Unguja, kwa macho na ulimi wa wanawake wa huko. Mchapaji wa ng'ambo alifuata alichoagizwa. Tulipolijadili hili katika mkutano wetu uliofuata, yule mama wa Mombasa alisema kanga yake ya harusi ilichapwa India na hajawahi kuiona kuwa ya Kihindi. Kijana mmoja aliyezaliwa hapa Birmingham akamjibu kwa adabu: "Sawa, bibi, lakini lebo tulikata kwa nini, kama hatuoni haya?" Bibi akacheka, akasema: "Ndiyo hapo mlipokosea, mjukuu wangu. Ningeiacha lebo, kisha nikamweleza."

Hatukupata jibu lililo bora kuliko hilo. Tumekubaliana kwamba meza yetu ijayo haitakuwa na mkasi. Kila kitambaa kitabaki na lebo yake, na pembeni tutaweka kadi ndogo tuliyoiandika wenyewe kwa Kiswahili na Kiingereza: kimefumwa au kimechapwa wapi, mtindo wake ni wa wapi, jina lake lina maana gani, na huvaliwaje. Kikapu kitaandikwa kijiji kilikotoka, kama tunakijua, na kama hatukijui tutampigia simu aliyetuletea hadi tukijue. Watoto wa darasa la Kiswahili ndio watakaoziandika kadi hizo, kwa mwandiko wao.

Ni jambo dogo. Haliwezi kuzuia kampuni yoyote kusajili neno lolote. Lakini anayetaka msajili wa Newport au wa Alicante aliamini neno lake, aanze kuaminika kwa jirani wa Acocks Green anayegeuza kikoi na kutafuta lebo. Na wasomaji wetu wenye ndugu Lamu, Siyu, Mombasa au Unguja wanaoishi kwa kazi hizi, tunawaomba wawafikishie swali hili katika simu ya wiki hii: je, mmeshakaa pamoja mkaandika kitu chenu ni kipi? Wakihitaji wa kuwasomea jarida la msajili huku, sisi tupo, na basi namba 11 linatufikisha maktaba.